Mto wa Karatasi ya Katikati

Msimu wa kufungua shule, chumba cha mapokezi cha kiwanda cha uchapaji hakina tofauti na zahanati siku ya chanjo. Kila mtu ana haraka, kila mtu kawahi kuliko mwenzake, na mkia wa foleni hakuna anayejua ulipo. Siku hiyo mama mmoja alikuwa akimkaba karani kwa kadi za harusi zilizotoka na maua ya rangi ya ini, mwalimu wa hesabu ameikumbatia mitihani yake kama anayeficha siri ya serikali, na wanakwaya wamekuja saba kuchukua vipeperushi ambavyo mtu mmoja angevibeba kwapani.

Katikati yao alisimama mchoraji. Gauni la kijivu, viatu vya kijivu, na mtandio ambao pengine ulikuwa na rangi siku uliponunuliwa. Alikanyagwa, akaombwa radhi, akasema, "Sawa tu." Akapitwa kwenye foleni na mtu asiyeomba hata radhi, akasema vilevile moyoni. Aliposukumwa mara ya tatu, bahasha yake ikapasuka ubavuni, na bata mmoja aliyechorwa kwa rangi za maji akateleza hadi mbele ya mlango wa chumba cha mashine.

Mlango ukafunguka. Aliyetoka alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu, doa jeusi sikioni, na viganja vilivyojaa wino. Kiwandani wote humwita Wino, kuanzia mfagiaji hadi mama mwenye kiwanda. Alimwona bata, akavitazama viganja vyake, kisha akachuchumaa na kumwokota kwa vigasha viwili visivyo na wino, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa watu.

"Huyu nani kampoteza?"

"Ni wangu," mchoraji alisema.

"Mbona ana huzuni?"

Mchoraji akamtazama bata wake. "Ni bata tu."

"Bata nawajua mimi, dada yangu. Bata hutembea kama mwenye nyumba anayekagua vyumba. Huyu wako anatembea kama mpangaji."

Mama wa kadi za harusi alicheka hadi akasahau ugomvi. Mchoraji hakucheka. Alijua kabisa kwamba hapo ndipo pa kucheka, kama mtu anayeijua njia lakini miguu haimpeleki.

Ganzi hiyo ilikuwa na mwaka na miezi yake. Mume wake wa miaka sita aliondoka kwa adabu zote. Walikaa mezani, wakagawana vyombo, wakapeana mkono mlangoni kama watu waliomaliza semina. Watu wakamwambia, shukuru hamkutupiana sahani. Akashukuru. Kesho yake akaamka, akachora, akala, akalala. Alikingoja kilio kama mtu anavyomngoja fundi bomba. Hakikufika, wala hakikupiga simu kusema kitachelewa. Mguu ukifa ganzi, angalau unajua kwamba baada ya dakika mbili utachomwa na sindano, utarukaruka, yataisha. Wake ulikuwa moyo, na sindano hazikuja.

Kilichobaki ni kazi. Kitabu alichokileta siku ile kilikuwa cha watoto wa madarasa ya mwanzo, kurasa kumi na sita, picha kubwa, maneno machache, vyote vyake mwenyewe. Bata anaogelea kwenye mto safi. Watu wanaanza kutupa mifuko, makopo na mafuta machafu ya magari. Ukifika katikati ya kitabu, mto umegeuka kijivu na bata haoni miguu yake. Kuanzia hapo watoto wanashika mafagio na ndoo, na ukurasa wa mwisho maji yanang'aa, bata anaiona miguu yake tena. Shirika moja lilitaka nakala elfu mbili za kugawa mashuleni.

Siku ya pili Wino alimpigia simu saa nne asubuhi kuuliza habari za karatasi. Siku ya tatu kuuliza habari za jalada. Siku ya nne simu ikalia saa nne asubuhi ileile.

"Mama Bata, hujambo?"

"Sijambo. Kuna tatizo?"

"Tatizo lipo. Tangu nimeamka natafuta sababu ya kukupigia, sijaipata."

"Sasa umepiga kwa nini?"

"Nimepiga kukujulisha hilo."

Wakaanza kukutana kwenye mgahawa mdogo ng'ambo ya kiwanda, meza ya dirishani. Wino alinawa kwa sabuni ya unga kabla ya kuja, na bado kucha zake zilionekana kama za mtu aliyechimba usiku.

"Chai au juisi?"

"Vyovyote."

"Vyovyote imewaishia. Nimeuliza."

"Basi chai."

"Ya maziwa au ya rangi? Na usiseme vyovyote, mhudumu ana watoto, anataka kurudi nyumbani."

Mchoraji hakujua kama anampenda. Ungemuuliza angekujibu kwa uaminifu kwamba hana habari. Alijua jambo moja dogo tu. Simu isipolia saa nne, kikombe chake kilipoa mezani bila mtu kukinywa.

Ndipo siku moja ikalia akiwa mbele ya sinki, anatazama povu la vyombo.

"Mpenzi, leo nina swali la kazi kweli."

"Niulize."

"Ile nakala ya majaribio uliyoitia saini. Karatasi ya katikati, ule mto. Naona umefifia mno, kijivu kimeumeza wote. Nikikipunguza nikaongeza buluu, mto utaamka. Unasemaje?"

"Vyovyote."

"Vyovyote ndiyo, au vyovyote hapana?"

"Fanya unavyoona. Wewe ndiye fundi."

Alipokata simu, kama ungemuuliza wameongea nini, angekwambia ni mambo ya kazi. Povu lilikuwa limekwisha na sahani bado chafu.

Wino akafanya alivyoona. Na lazima aeleweke, hakuwa mzembe, alikuwa fundi kupita kiasi. Lakini wachapaji wa aina yake hawasomi. Kitabu kwao ni madoadoa ya rangi nne yanayotakiwa kukaa mahali pake. Hutazama kwa kioo cha kukuzia, kichwa chini miguu juu, hutazama ngozi ya mtu kama imekuwa njano, hutazama anga kama lina mikwaruzo. Maneno kwao ni sehemu nyeusi isiyo na matatizo. Alikaa siku mbili akikiondoa kile kijivu, na chini yake akakuta jambo lililomfurahisha. Mchoraji alikuwa ameichora miguu ya bata kamili kabla ya kuifunika. Akaifukua, kidole kwa kidole.

Vitabu vilipokuwa tayari, vimekunjwa na kubanwa kwa pini mbili mgongoni, alimwita. Alivaa shati safi. Akampa nakala ya kwanza kwa mikono miwili.

Mchoraji akafungua katikati. Mto ulimwakia usoni, buluu ya tangazo la sabuni. Makopo yalielea juu yake kama mapambo. Chini ya tumbo la bata miguu miwili ya rangi ya chungwa, minene, inaonekana hata kwa mzee asiye na miwani aliye ng'ambo ya barabara.

"Unaonaje?" Wino aliuliza, akijizuia kutabasamu mapema.

"Miguu inaonekana."

"Siyo? Na ulikuwa umeizika. Nimeitoa moja moja."

"Soma maneno."

"Maneno gani?"

"Ya hapo chini."

Akasoma. Midomo ikitikisika. *Bata akatazama chini. Maji yalikuwa machafu. Hakuiona miguu yake.* Akasoma tena, na mara hii tabasamu lote likamfutika usoni.

"Nilikuuliza," alisema polepole.

"Uliniuliza."

"Ukasema nifanye ninavyoona."

"Nilisema. Sawa tu."

"Sawa vipi? Mtoto atasoma hapa kwamba ukitupa takataka mtoni, mto unapendeza."

"Nimeelewa. Hakuna shida."

"Nitukane basi."

"Sina tusi."

"Tafuta. Hata dogo. Nimekuharibia kazi ya miezi saba, mwanamke. Huwezi kunitazama kama umechelewa basi la saa tano na la saa tano na nusu linakuja."

Mchoraji akakifunga kitabu, akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono wa kuagana, uleule wa semina. Wino akautazama, hakuupokea.

"Mikono yangu ina wino," alisema, ingawa siku hiyo ilikuwa misafi kuliko ya daktari. "Ukipata neno la kuniambia, zuri au baya, nipigie. Lakini sawa tu usiniletee tena. Nimeshiba."

Akaingia chumba cha mashine, na mlango ukafungwa na kelele zake zote.

Mhariri wa shirika, mama mwenye miwani ya kamba na huruma ya kupimwa kwa kijiko, alipiga simu jioni hiyo. Vitabu haviwezi kutoka hivyo. Ijumaa lori litakuja kuvibeba vyote kwenda kusagwa, na mwakani watatafuta kitabu kingine, cha mtu mwingine. Samahani sana.

"Sawa," mchoraji alisema.

Dada yake mkubwa alikuwa pale nyumbani, anapinda gauni la mteja, futi ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni. Alizitoa pini moja moja kabla ya kusema, na dada huyo akitoa pini mdomoni, kaa vizuri.

"Yaani kitabu cha kufundisha watoto wasitupe ovyo, ndicho kinachokwenda kutupwa. Elfu mbili."

"Ndiyo."

"Na wewe umesema sawa."

"Ningesema nini, dada?"

"Mdogo wangu, unachora kutunza, kutunza kwenyewe kumekushinda. Mume ulimwachia kama mtu anayerudisha mwavuli. Sasa kitabu. Sasa na huyo kijana wa sikio jeusi. Mtu akikuomba figo utamuuliza ya kushoto au ya kulia."

"Nifanye nini?"

"Sikwambii. Nikikwambia utafanya, halafu litakuwa limefanyika la kwangu." Akarudisha pini mdomoni.

Jumatatu simu haikulia saa nne. Jumanne haikulia. Mchoraji alikaa mbele ya karatasi nyeupe, brashi imelowa, maji kwenye kikombe yamebaki masafi. Hakuwa na huzuni. Angependa kuwa nayo. Alikuwa kama chumba ambacho wapangaji wamehama na balbu imebaki inawaka.

Jumatano, saa nne kamili, ikalia.

"Usiseme kitu," sauti ya Wino ilisema. "Nakusomea."

Akaanza kusoma. Alisoma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akiweka nukta pasipo na nukta. "'Palikuwa na bata. Aliyependa miguu yake kuliko mabawa. Kila asubuhi alitazama chini majini, akaihesabu. Moja. Mbili. Ipo yote.'" Akaendelea na mifuko, na makopo, na mafuta ya magari. Akafika katikati, akaacha kusoma.

"Hapa bata anasema uongo," alisema. "Mbele ya watoto wa watu."

Pumzi ikamtoka mchoraji puani. Haikuwa kicheko, ila ilikuwa ndugu yake wa mbali.

"Miaka kumi na moja nachapa vitabu, Mama Bata. Hiki ndicho cha kwanza kukisoma. Nimekisoma mara nne. Nimemwonea huruma huyo ndege mpaka mama mwenye kiwanda akaniuliza kama nimefiwa."

"Ulipaswa kusoma," mchoraji alisema.

"Umesemaje?"

"Ulipaswa kusoma, Wino. Ukurasa mmoja, maneno tisa. Mtoto wa miaka saba anayamaliza kabla hajapenga kamasi." Sauti yake ilikuwa ya chini bado, lakini ilikuwa imeanza kutetemeka pembeni, kama mfuniko wa sufuria. "Nilikuwa nautafuta ule uchafu. Nimechanganya kijivu mara thelathini nikipata kizuri, kizuri, kizuri, mpaka nikapata kinachonuka. Ndicho pekee nilichokijali mwaka huu mzima, nisingeweza hata kukwambia. Na wewe ukakifuta, ukaniletea buluu ya sabuni. Una kichwa kama ndoo."

Nyuma ya Wino mashine moja ilikuwa inakohoa.

"Asante," Wino alisema, na alimaanisha. "Endelea."

"Nimemaliza."

"Ndoo yenye mfuniko au isiyo na mfuniko?"

"Iliyotoboka."

"Haya. Sasa nisikilize mimi mwenye kutoboka." Akaeleza. Katika kitabu cha kubanwa kwa pini, karatasi ya katikati ni moja, inayojitegemea. Ukizifungua pini mbili bila kuchana, karatasi hiyo inatoka peke yake na kitabu kinabaki kizima. Mashine ndogo ya nyuma hulishwa karatasi moja moja kwa mkono. Kijivu cha mchoraji bado anacho, amekitengenezea bamba jipya la kuchapia kutoka mchoro wa asili. Watapitisha kijivu juu ya buluu, watarudisha karatasi, watabana. Mama mwenye kiwanda amemruhusu afanye kila siku baada ya zamu, kwa mikono yake mwenyewe. "Haitatupwa hata karatasi moja. Ila ni pini elfu nne, na lori ni keshokutwa."

Mchoraji alikata simu, na kabla kidole hakijapoa akampigia mhariri.

"Lori lisije."

"Tulishakubaliana, mama."

"Nilisema sawa. Sasa nasema hapana."

Mhariri akahamishia simu sikio la pili. "Umesema?"

"Hapana. Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ikishindikana, nitavipakia kwenye hilo lori mwenyewe, na wewe utasimama unihesabie."

"Nimefanya kazi nawe miaka mitatu," mhariri alisema taratibu. "Sikujua unalo hilo neno. Haya. Ijumaa ya wiki ijayo."

Saa kumi alasiri mchoraji alikuwa kiwandani, mtandio kaufunga kiunoni. Wino alimsogezea kiti, akampa kisu butu na kumwonyesha: unaingiza ncha chini ya mguu wa pini, unainua wa kushoto, unainua wa kulia, unavuta kwa nyuma. Wakaanza. Dirisha refu lilitupa jua la jioni mezani, na vitabu vikapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili.

"Umeninyima simu siku mbili nzima," mchoraji alisema, macho kwenye pini.

"Wewe ulininyima ugomvi."

"Watu huwa wanafurahi kunyimwa ugomvi."

"Watu gani hao? Nilikaa nikafikiri, huyu mwanamke nikimkosea leo, au nikifa, au nikioa mwingine, jibu ni lilelile. Nikaogopa kweli."

Mchoraji akavuta pini, akaiweka kwenye kopo. "Sijapona, Wino. Usije ukadhani nimekutukana basi nimepona. Leo baada ya kukata simu nilikaa, na ile ganzi ikarudi. Kuna siku naamka sihisi kitu kabisa. Huenda zikaja nyingi."

"Najua."

"Hujui."

"Basi sijui." Akafuta kisu kwenye ovaroli. "Nilitaka kukufanyia kama nilivyoufanyia mto. Kila ninapokuona nafikiri, huyu akiongezwa buluu kidogo ataamka. Hilo ndilo kosa langu. La miguu ya bata ni mtoto wake tu."

"Na sasa utafanyaje?"

"Nitasoma kwanza."

Alipolisha karatasi za kwanza kwenye mashine ya nyuma, mambo hayakunyooka. Karatasi iliyokwisha kukunjwa na kukatwa haikai tena kama mpya. Ya kwanza kijivu kilitoka nje ya mto, kikapanda ukingoni na kumfunika viatu mtoto aliyechorwa hapo. Wino akaguna, akaisogeza. Ya pili kikakimbilia upande wa pili, kikalamba kona ya neno *machafu*. Ya tatu kikashuka.

"Hii mashine inanitafuta," alisema. "Nipe saa moja, niitie adabu."

Mchoraji alikuwa amezichukua zote tatu, kaziinua dirishani. Miguu ya bata ilikuwa imezama. Buluu ilionekana kwa mbali chini ya kijivu, kama kitu kilichokuwepo zamani. Na ule uchafu, ambao yeye kwa miezi saba alikuwa ameupaka kwa uangalifu ndani ya mstari wake, sasa ulikuwa unatambaa ukingoni na kushika watu miguu.

"Acha hivyo," alisema.

"Umetoka nje ya mstari."

"Uchafu ulikaa lini ndani ya mstari?"

Wino akasogea, akatazama begani kwake. Alinuka mafuta ya mashine na sabuni ya unga. "Kila nakala itakuwa na yake," alisema. "Hakuna mbili zitakazofanana."

"Kila mtoto atakuwa na mto wake wa kusafisha. Lisha."

Akalisha. Walifanya kazi siku nane, alasiri hadi giza linapoanza kuuma madirisha, na Ijumaa mhariri akaja, akafungua vitabu kumi, akavua miwani, akaivaa tena, akasema vipakiwe kwenye gari la kwenda mashuleni. Hakusema zaidi. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Jumapili Wino alibisha hodi. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye, suruali ya kaki, viatu vimeng'arishwa, na sikio, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, safi. Dada mkubwa ndiye aliyefungua. Alisimama mlangoni na futi yake shingoni, akampima kwa macho kuanzia urefu mpaka mabega.

"Ndiye wewe uliyemsafishia mdogo wangu mto bila kusoma?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Shemeji. Nani kakwambia mimi ni shemeji yako?"

Kwa haki ya Mungu hakuna aliyekuwa amemwambia Wino. Neno lilimponyoka tu kwa woga, na sasa lilikuwa limesimama kati yao likimtazama. Akageuza macho ndani.

Mchoraji alikuwa nyuma ya dada yake, mikono imelowa maji ya vyombo. Asubuhi hiyo ilikuwa mojawapo ya zile. Aliamka bila kitu, akapiga mswaki bila kitu, na hata sasa alipomwona mlangoni, kifua chake kilikuwa kimya, hakuna kengele wala ngoma. Angeweza kabisa kutikisa mabega. Akajifuta mikono kwenye gauni, akasogea mbele.

"Mimi," alisema. "Nimemwambia mimi."

Dada akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Wino, ambaye ndiyo kwanza anazisikia habari zake. Halafu akasogea kando kidogo, kiasi cha mtu mmoja mwembamba kupita kwa ubavu.